Msiba Usio na Marehemu

Benchi lile pale Msasani, Tukuyu, ni langu, na naomba lieleweke hivyo. Mimi ndiye niliyenunua mbao zake, mimi ndiye ninayekaa hapo kila siku nikitengeneza miavuli, na katika mji huu ambao mvua hainyeshi kwa kalenda, fundi miavuli hakosi kazi. Lakini Hosea alikuja na birika lake la kahawa "kwa siku moja tu, Fundi", huu ni mwaka wa nne, na tangu aje benchi limejaa watu wasio na mwavuli wala shughuli. Kuna Asajile, tunamwita Wakili, kwa sababu alifagia mahakama ya mwanzo miaka kumi na moja na anaamini sheria ilimwingia pamoja na vumbi. Kuna Gwakisa wa bodaboda, tunamwita Breki, kwa sababu hana. Na wiki hii kuanzia Jumatatu kaongezeka Ambwene wa Kawetele, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Anafika saa moja asubuhi amevaa buti za kazi, kashika hotipoti ya chakula cha mchana, anakaa, na kazini haendi. Siku tatu nilimvumilia. Alhamisi nikaona niulize, maana mtu mwenye ajira hawezi kunibana kwenye benchi langu kama mstaafu.

Mimi: Ambwene, kiwanda kimefungwa?

Ambwene: Hakijafungwa, Fundi.

Mimi: Umefukuzwa?

Ambwene: Bado.

Hosea: Mwache anywe kwanza. Hiyo "bado" yake inahitaji kahawa.

Akanywa kikombe kimoja, cha pili akakishika tu, akatueleza. Kiwandani yuko mashine namba mbili, ile inayosaga majani ya chai yakishanyauka. Majani yanaingia kwa mkanda, mkanda unavutwa na mnyororo wenye meno, na meno hayo yalikuwa yamefunikwa na bati zito. Wiki mbili zilizopita bati lilitolewa ili mafundi wasafishe ndani. Mafundi walisafisha, wakanawa mikono, wakaondoka, bati likabaki limeegemea ukuta. Tangu hapo mnyororo unazunguka wazi, jirani na kiwiko cha anayelisha majani. Ijumaa ukadaka koti la Ambwene. Alijivuta kwa nguvu zote akatoka, ila mkono mmoja wa koti uliingia kwenye chai. Jumatatu alifika kazini, akaiangalia ile mashine, akageuza.

Breki: Umefanya la maana. Mkono ni wako, koti ni lao.

Ambwene: Koti nalo langu. Nilinunua mwenyewe.

Breki: Basi hapo wamekukosea mara mbili.

Ambwene: Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, jamani. Hizi siku tatu ambazo sijafanya kazi kwa kuogopa ile mashine, nalipwa au silipwi? Jenifer hajui. Kila asubuhi mke wangu ananifungia chakula, ananiambia kazi njema, nami naitikia. Mshahara ukija pungufu nitamwambia nini?

Hapo Wakili akaweka kikombe chini na kukunja mguu. Akikunja mguu ujue mahakama imeanza.

Wakili: Unalipwa. Mfanyakazi akikataa kazi yenye hatari ya kumuumiza, mshahara wake uko palepale. Hilo liko kwenye sheria.

Hosea: Sheria ipi?

Wakili: Ya kazi.

Hosea: Namba ngapi?

Wakili: Namba zinabadilika, Hosea. Ilisomwa mbele yangu, nilikuwepo.

Hosea: Ulikuwepo unafagia.

Wakili: Kwani anayefagia anaziba masikio? Nakwambia hakimu alisema, na mimi nikasimamisha ufagio kumsikiliza.

Breki: Mimi naona kulipwa tu haitoshi. Alipwe mara mbili. Kiwiko kingeingia pale, wangemlipa fidia, matibabu, gari la kumpeleka hospitali ya Igogwe na la kumrudisha. Zote hizo kawaokolea. Sasa mtu aliyeokoa hela ya tajiri si anapewa chochote?

Hosea: Kwa hesabu hiyo, mimi nikilala nyumbani mwaka mzima nimeokoa ajali ngapi?

Breki: Wewe ni birika, mzee. Birika halina mnyororo.

Hosea: Linaunguza. Jana limeniunguza hapa, tazama. Nami nakataa. Kuanzia sasa hivi sichemshi, na mnilipe.

Mimi: Hosea, akulipe nani? Wewe ndiye tajiri, na wewe ndiye mfanyakazi.

Hosea: Basi nitajiandikia barua.

Wakili: Msifanye mzaha, kuna kesi ya mfano. Kuna jamaa Mbeya alikuwa anapaka rangi maghorofa. Siku moja akaona ngazi imelegea, akasema sipandi. Wakamwambia panda, akasema sipandi. Mwezi wa kwanza akalipwa, wa pili akalipwa. Alikaa chini ya ile ngazi miaka miwili akilipwa, akajenga nyumba ya vyumba vinne.

Mimi: Na rangi nani alipaka?

Wakili: Swali lako liko nje ya kesi.

Breki: Miaka miwili. Aisee. Na mimi nani atanilipa? Kila siku nakataa kubeba watu watatu kushuka mteremko na mvua.

Mimi: Hukatai, Gwakisa. Unawabeba.

Breki: Nakataa moyoni.

Tulicheka, hata Ambwene alicheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile alifungua hotipoti. Ndizi za kupika na maharage. Sikatai, tulimsaidia kula. Wakili, kijiko kikiwa mkononi, akakumbuka kuuliza jambo ambalo mahakimu huanza nalo.

Wakili: Sasa, siku ile unakataa, ulimwambia nani?

Ambwene: Lazaro. Ndiye msimamizi wa zamu yetu.

Wakili: Vizuri kabisa. Ulimwambia nini? Nataka maneno yenyewe, usiongeze, usipunguze.

Ambwene akatazama ndizi.

Ambwene: Nilimwambia nina msiba.

Kijiko cha Wakili kilirudi kwenye hotipoti peke yake. Mimi binafsi sikushangaa, na mtu yeyote wa Rungwe asingeshangaa. Huku kwetu hatumwambii mkubwa usoni kwamba sitaki, mashine yako mbovu. Tunaona aibu, yeye ataona aibu, tutaonana kanisani Jumapili. Lakini msiba hauna wa kuupinga. Tajiri atakayemzuia mtu kwenda msibani, siku yake ikifika atabebwa na nani? Ukisema nina msiba, geti linafunguliwa na mlinzi anavua kofia. Hata mimi, wateja wakinisumbua sana na miavuli yao, nina mashangazi ambao nimewazika zaidi ya mara moja.

Wakili: Ambwene, umeniharibia kesi.

Ambwene: Nilishindwa, kaka. Nilikuwa nimejipanga kabisa. Nilikuwa nasema njiani peke yangu, bwana Lazaro, lile bati lisiporudi mimi sigusi. Nilipomfikia akanisalimia vizuri, ugonile Ambwene, hamjambo nyumbani? Nikasikia mdomo umesema nina msiba.

Hosea: Na siku za msiba kiwandani kwenu zinalipwa?

Ambwene: Wa mke, mtoto au mzazi. Hao wengine unakwenda kwa gharama zako.

Wakili: Kwa hiyo kwenye daftari lao wewe hujakataa mashine. Wewe unalia tu.

Ambwene: Ndiyo.

Breki: Kausha. Rudi kesho, sema msiba umeisha. Siku tatu zipotee, maisha yaendelee.

Ambwene: Nirudi kwenye mashine ileile?

Ndipo simu ya Ambwene ikalia kile kimlio cha ujumbe wa kundi la kazini. Akasoma. Akasoma tena. Akanipa mimi, maana ndiye mwenye miwani, nikawasomea wote: "Wapendwa, msafara wa kwenda Kawetele kumfariji ndugu yetu Ambwene umeondoka kiwandani. Bosi ametoa gari la kubebea majani. Lazaro anaongoza. Tumebeba mikungu sita ya ndizi na rambirambi tumechanga. Wimbo tutaanzia barabarani."

Hosea: Wimbo wataanzia barabarani.

Ambwene: Jenifer yuko nyumbani.

Mimi: Na Jenifer anajua uko kazini.

Ambwene: Anajua niko kazini.

Tukaelewa wote kwa pamoja. Mwanamke yuko jikoni, mume wake kaondoka asubuhi kwenda kiwandani. Linakuja gari la kiwanda, watu wamefunga vitenge, wanaimba nyimbo za msiba, mume hayumo garini. Atadhani amekufa nani?

Wakili: Mpigie simu.

Ambwene: Nimwambie nini? Nikianza kumweleza, itabidi nimweleze na buti.

Breki: Tulieni, nina mchongo. Tutafute msiba. Jana tu nimepeleka mtu msibani kule Igogwe. Mzee wa miaka tisini na kitu, wajukuu hawajulikani idadi. Mjukuu mmoja akiongezeka nani atamhesabu? Ambwene akae pale kwenye moto na wanaume, wenzake wamkute analia.

Wakili: Kisheria hilo linawezekana. Undugu ni kukubaliwa.

Hosea: Gari linakwenda Kawetele, nyie mnampeleka Igogwe.

Breki: Basi tuuhamishe msiba. Tukawaombe wafiwa waje huku kwa saa mbili.

Hosea: Na marehemu?

Breki: Marehemu si ameshazikwa? Hana sababu ya kusafiri.

Wakili: Mimi naona tuseme aliyekufa amezinduka. Ambwene aliitwa msibani, akaenda, mgonjwa akafumbua macho akaomba maji. Watu watafurahi, watapiga makofi, ndizi zitaliwa kwa shukrani.

Mimi: Na Jumatatu Lazaro atataka kumwona huyo mtu. Mimi ningetaka kumwona. Ningelipa nauli.

Breki: Sema ni ng'ombe basi. Wa maziwa. Ng'ombe wa mama yangu alipokufa nililia wiki nzima, na hakuna aliyenicheka.

Hosea: Gari zima la watu na mikungu sita kwa ajili ya ng'ombe.

Breki: Hukumjua yule ng'ombe.

Hapo ndipo pikipiki nyingine ikasimama mbele ya benchi langu, ikaniwekea matope kwenye mwavuli wa mwalimu ambao nilikuwa nimeshaumaliza. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitenge kimefungwa juu ya nguo za kazi, mkungu wa ndizi kaukumbatia. Ambwene alipomwona alisimama kama mwanafunzi.

Ambwene: Esnath.

Esnath: Kaka Ambwene. Pole. Pole sana jamani.

Alimpa mikono miwili, akatuzungukia wote mmoja mmoja, pole, pole baba, pole kaka. Nasi tukashukuru, ndaga, ndaga, kwa sauti za chini kabisa. Wakili alifikia hatua ya kuvua kofia. Nilimwonea aibu, halafu nikagundua na mimi nimevua miwani.

Esnath: Wenzangu wako nyuma, gari linapanda taratibu. Nimetangulia niulize njia, bahati nzuri nimekuona. Mbona uko huku mjini?

Wakili: Amekuja kununua sanda.

Esnath: Masikini. Kaka, samahani kukuuliza wakati kama huu. Kwenye bahasha ya rambirambi tumeacha nafasi ya jina, maana siku ile ulitoka haraka hukumwambia mtu. Aliyefariki ni nani?

Swali lenyewe ni la kawaida. Mtoto mdogo anaweza kulijibu. Tuliangaliana, Ambwene akafungua mdomo, na kabla hajasema wenzangu wakataka kumsaidia, kila mtu kwa wakati mmoja.

Breki: Shangazi.

Wakili: Mjomba.

Hosea: Bibi mzaa baba.

Esnath akakaa chini. Alikaa kwenye benchi langu, juu ya kofia ya Wakili, mkungu magotini.

Esnath: Wote watatu? Mungu wangu. Ilikuwa ajali?

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. Na nasema ukweli, pale ndipo mchezo ulipoisha. Mtu analia machozi ya kweli, anakulilia wewe, nawe unajua hakuna kaburi. Ambwene alichuchumaa mbele yake.

Ambwene: Esnath, usilie. Hakuna aliyekufa.

Esnath: Wamezinduka?

Ambwene: Hakuna aliyekufa tangu mwanzo. Niliogopa mashine namba mbili. Lile bati hawajalirudisha, Ijumaa mnyororo umenivuta koti, nikaona nitabaki mlemavu. Nilishindwa kumwambia Lazaro, nikasema msiba. Nisamehe.

Esnath aliuweka mkungu chini, akafungua fundo la kitenge. Ndani alikuwa na aproni ya kiwanda, na aproni ile, ubavu wa kulia, ilikuwa imechanwa kuanzia kiunoni hadi chini, kingo zake nyeusi kwa grisi. Nimeshona vitambaa maisha yangu yote. Kitambaa kilichochanika kwa msumari nakijua. Ile ilikuwa imetafunwa.

Esnath: Jumanne.

Ambwene: Wamekuweka wewe?

Esnath: Jumatatu hiyohiyo. Lazaro alisema Ambwene kafiwa, mtu wa karibu ni Esnath, atoke kwenye kupaki ashike namba mbili. Nikasema sawa, tumsaidie mwenzetu mwenye matatizo. Nilikuwa naomba Mungu msiba wako uishe haraka urudi. Jana usiku sikulala, nikawa najilaumu, mtu kafiwa, mimi nawaza mashine.

Ambwene alishika ule mpasuko wa aproni kwa vidole viwili, akauachia.

Esnath: Ila nikuulize, kaka. Siku ile unatoka ulipita mezani kwangu. Ulinipa mkono, ukaniambia baki salama. Kwa nini hukuniambia?

Nilimtazama Wakili, mtu mwenye sheria ya kila kitu. Alikuwa anatafuta kofia yake. Breki alikuwa anakagua tairi. Hosea alimmiminia Esnath kahawa, akasahau kumpa. Ambwene alibaki amechuchumaa palepale, mvua ya rasharasha ikimwingia shingoni.

Baadaye akasimama.

Ambwene: Una namba ya Lazaro? Simu yangu haina salio.

Esnath: Yuko garini na wenzetu.

Ambwene: Nipigie.

Wakili: Ambwene, subiri kwanza. Ukisema ulidanganya msiba, siku tatu zimekwenda, na barua ya onyo juu. Hapo sheria sijui itakusaidia vipi.

Ambwene: Hizo siku tatu nimezipoteza mwenyewe, kaka. Jenifer nitamweleza nikifika nyumbani leo.

Esnath alipiga, akampa simu. Sauti ya Lazaro ilisikika hadi benchi, nyuma yake watu wanaimba, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa pole sana ndugu yetu, jipe moyo. Nilifikiri mdomo utamgeuka Ambwene tena.

Ambwene: Ndaga, bwana Lazaro. Lakini geuzeni gari, msifike kwangu. Sina msiba. Jumatatu niliikataa mashine namba mbili kwa sababu meno yake hayana bati, nikaona aibu kukwambia. Sasa nakwambia. Ilinivuta mimi Ijumaa, Jumanne imemvuta Esnath, wewe uliona. Mimi siishiki, na yeye haishiki, mpaka bati lirudi. Hapana, hatubaki nyumbani. Tunakuja kazini sasa hivi, tutakaa pale pembeni ya mashine, kazi nyingine yoyote mtupe tufanye.

Akasikiliza kidogo. Wimbo kule garini ulikuwa umekatika.

Ambwene: Chukua daftari, bwana Lazaro. Mimi na Esnath, leo, tuandike tumefika.